Kabla hatujapanga albamu kumi bora za dansi



Juma lililopita nilipita kwenye kijiwe kimoja cha kahawa hapa mjini nikakuta mabishano makali. Kwa mbali nilidhani ni Simba na Yanga. Kumbe ni muziki. Kijana mmoja alikuwa na karatasi na kalamu, wenzake wamempa kazi ya kuandika albamu kumi bora za enzi ya dansi, yaani ile enzi iliyoanzia miaka ya 1960 na kumalizikia mwishoni mwa miaka ya 1980. Kila jina aliloliandika lilimletea ugomvi. Akiandika Remmy Ongala, mzee mmoja anasema Remmy alikuja juzi tu, Mbaraka Mwinshehe yuko wapi? Akiandika Mbaraka, mwingine anauliza, albamu gani ya Mbaraka? Akiandika Sikinde, watu wa Msondo wanasimama. Saa nzima ikapita na karatasi ina majina manne, mawili yamekatwa.

Waliponiona wakaniomba niamue. Sikuamua siku ile, kwa sababu kahawa ilikuwa ya moto na jibu lenyewe ni refu. Nimeona nilete jibu langu hapa, ili na wale ambao hawakuwapo kijiweni wapate kulipima.

Jibu langu, kwa ufupi, ni kwamba yule kijana hakushindwa kwa kutojua muziki. Alishindwa kwa sababu ya neno moja lililoandikwa juu ya karatasi yake kabla hajaanza. Neno hilo ni albamu.

Tuanze basi na neno lenyewe. Zamani, wakati santuri zilipokuwa zikizunguka mara 78 kwa dakika, kila upande ulibeba wimbo mmoja tu wa dakika tatu au nne. Mwenye kutaka kuuza nyimbo nyingi kwa pamoja alizipanga santuri hizo ndani ya jalada lenye kurasa, mfano wa kitabu cha kuhifadhia picha. Kitabu cha picha huitwa albamu, na jina likahamia kwenye muziki. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ikatoa santuri ndefu, ile inayozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, ambayo kila upande unaweza kuchukua dakika ishirini na zaidi. Mwaka uliofuata, 1949, kampuni ya RCA ikaleta santuri ndogo ya mizunguko 45, wimbo mmoja mbele na mmoja nyuma.

Kwa hiyo albamu haikushuka kutoka mbinguni. Ni bidhaa, na kila bidhaa ina mahitaji yake. Albamu inahitaji kiwanda cha kuichapa, mfanyabiashara mwenye mtaji wa kungoja faida, duka la kuiuza, na mnunuzi mwenye gramafoni nyumbani na fedha za kununua nyimbo kumi kwa mkupuo. Kule Marekani na Uingereza vitu hivyo vyote vilikuwapo. Ndiyo maana katikati ya miaka ya 1960 wanamuziki wa huko wakaanza kuitunga albamu kama kitu kimoja, wakipanga wimbo upi utangulie na upi ufunge. Mtu akipanga orodha ya albamu bora za kwao, anapima kitu ambacho wanamuziki wenyewe walikusudia kukitengeneza.

Na hata huko, wasikilizaji, orodha hazitulii. Jarida la Rolling Stone la Marekani lilitoa orodha ya albamu 500 mwaka 2003, na namba moja ilikuwa ni Sgt. Pepper's ya Beatles, ya mwaka 1967. Lilipopanga upya mwaka 2020 kwa kuwauliza wapiga kura wapya, namba moja ikawa What's Going On ya Marvin Gaye, ya mwaka 1971. Albamu hizo mbili hazikubadilika hata noti moja katika miaka hiyo 17. Waliobadilika ni waliopiga kura. Basi tukisoma orodha yoyote ya bora, tujue kwamba nusu yake ni habari za muziki na nusu ni habari za waliopanga.

Tena katika orodha ile ya 2003 alikuwamo Robert Johnson, mpiga gitaa wa bluzi kutoka Mississippi. Huyu alirekodi mwaka 1936 na 1937, akafariki mwaka 1938, miaka kumi kabla santuri ndefu haijazaliwa. Hakuona albamu yake hata moja. Walioziokota nyimbo zake na kuzikusanya walifanya hivyo kuanzia mwaka 1961, yeye akiwa kaburini miaka 23. Mfano huo nawaomba muuweke pembeni, nitaurudia.

Sasa turudi nyumbani.

Hapa Tanzania, katika enzi yote ile ya dansi, hatukuwa na kiwanda cha santuri kilichofanya kazi. Bendi iliyotaka santuri ilivuka mpaka. Salum Abdallah na Cuban Marimba yake ya Morogoro, mpaka alipofariki kwa ajali mwaka 1965, nyimbo zake zilitolewa na wafanyabiashara wa Mombasa, duka la Assanand, kwa nembo ya Mzuri. Mbaraka Mwinshehe, naye wa Morogoro, alirekodi Nairobi. Na kilichotoka huko mara nyingi hakikuwa albamu. Kilikuwa ile santuri ndogo ya mizunguko 45.

Mliocheza dansi mnajua santuri ile ilivyoutendea wimbo wetu. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kuimba, taratibu, watu wanasikiliza kisa: mume amemtelekeza mke, rafiki amemsaliti rafiki, mtoto ameondoka hakuaga. Ya pili ni chemko. Magitaa yanaingiliana, tarumbeta na saksofoni zinajibizana, waliokaa wanasimama. Wimbo mmoja ulichukua dakika saba, nane, hata kumi. Katika santuri ndogo ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande wa mbele, chemko upande wa nyuma. Ukumbini ungengojea chemko na moyo unadunda. Nyumbani ulinyanyuka kwenda kugeuza santuri.

Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa mpaka 1983. Miaka hiyo sita si miaka ya hivi hivi katika muziki wetu. Ni miaka ambayo Mlimani Park, yaani Sikinde, ilizaliwa mwaka 1978 na kufikia kilele chake. Miaka ambayo Maquis, waliotoka Kongo na kufika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, walikuwa wakijaza kumbi. Miaka ya Marijani Rajabu na Dar International. Wakati muziki ulipokuwa mtamu kuliko wakati wowote, mlango wa kiwandani ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Je, nyimbo zilikwenda wapi? Zilikwenda redioni. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa studio ya taifa. Bendi ilipeleka mashairi yake kukaguliwa kwanza, kisha ikaitwa. Ikaingia na vyombo vyake, ikapiga wimbo mzima kwa pamoja, waimbaji na wapigaji kwa wakati mmoja. Akiteleza mtu dakika ya sita, wanaanza upya. Fundi mitambo alinasa yote kwenye tepu kubwa ya duara, tepu ikaandikwa, ikapelekwa maktaba. Kesho yake au juma lijalo wimbo uko hewani, na kwa kuwa redio ilikuwa moja Bara nzima mpaka vituo vya binafsi vilipoanza miaka ya 1990, wimbo uliopigwa hapo ulisikika Mtwara na Bukoba saa ile ile.

Bendi zenyewe hazikuishi kwa kuuza santuri. Nyingi zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina bendi nayo ikabadili: NUTA, JUWATA, OTTU, na leo Msondo Ngoma. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. Sikinde ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mwanamuziki alipokea mshahara, na mlangoni zikakusanywa fedha za kiingilio. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kukaa chini na kutunga albamu.

Walichotunga ni mtindo. Western Jazz walikuwa na saboso. Urafiki walikuwa na chakachua. Vijana walikuwa na pambamoto, Safari Sound wakawa na ndekule. Mpenzi wa muziki hakuuliza, umenunua albamu gani? Aliuliza, wewe ni Msondo au Sikinde? Na aliyetaka muziki wa kukaa nao nyumbani alinunua kanda tupu, akaiweka kwenye redio-kaseti, akangojea kidole kikiwa juu ya kitufe. Ukiisikiliza kanda hiyo leo utasikia wimbo umeanza maneno mawili yamepotea, na mwishoni mtangazaji anaingia kusema saa. Hiyo, ndugu zangu, ndiyo albamu halisi ya Mtanzania wa miaka ile. Jalada lake lilikuwa ni mwandiko wa mkono wake mwenyewe.

Baada ya kuyaona hayo, turudi kwenye karatasi ya yule kijana, tuwaite wagombea mmoja mmoja.

Wa kwanza ni Orchestra Makassy na albamu ya Agwaya, iliyorekodiwa Nairobi na kutolewa Uingereza na kampuni ya Virgin mwaka 1982. Wa pili ni Remmy Ongala na Super Matimila, Songs for the Poor Man, iliyotolewa na Real World ya Uingereza mwaka 1989. Hizi ni albamu kwa maana kamili ya neno. Zimerekodiwa kwa mitambo mizuri, kila gitaa linasikika mahali pake, na ukisikiliza Kipenda Roho utakubali kwamba Remmy anastahili sifa. Lakini tuseme kweli. Albamu hizo zilitengenezwa kwa ajili ya duka la Ulaya. Si kosa la wanamuziki, nani angekataa? Ila mtu akizipa namba moja na namba mbili kwa sababu tu ndizo zenye jalada zuri, atakuwa amewaachia wafanyabiashara wa London watuchagulie nani alikuwa bora Dar es Salaam.

Wa tatu ni ndugu zetu wa Nairobi. Akina Wilson na George Peter Kinyonga, wenyeji wa Tanga, walianzisha Simba Wanyika huko mwaka 1971, na mwaka 1978 wenzao wakajitenga wakaunda Les Wanyika, wakatoa Sina Makosa. Hawa waliishi karibu na kiwanda, kwa hiyo wana santuri ndogo na ndefu. Je, ni wetu au ni wa Kenya? Kijiweni walibishana sana hapo. Mimi nasema lugha ni Kiswahili, magitaa ni ya Tanga, kiwanda ni cha Nairobi, na waliocheza walikuwa pande zote mbili za mpaka. Wawemo. Ila tukumbuke kwamba wana santuri nyingi kwa sababu ya walipokaa. Kipaji peke yake hakikuwapa.

Wa nne ni Mbaraka Mwinshehe, na hapa lile swali la kijiweni, albamu gani ya Mbaraka, lina jibu. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979. Baada ya kifo chake nyimbo zake za santuri ndogo zilikusanywa Kenya katika santuri ndefu, toleo baada ya toleo, kwa jina la Ukumbusho. Hazikupangwa na yeye. Hakuchagua mpangilio wala jalada. Ni kama yale ya Robert Johnson niliyowaambia: makusanyo ya marehemu. Waliopanga orodha Marekani hawakuona haya kumkubali Johnson, basi na sisi hatuna sababu ya kumfungia mlango mtu aliyekwenda mpaka Osaka na Morogoro Jazz mwaka 1970 kupiga gitaa mbele ya mataifa, eti kwa kuwa hakuacha albamu.

Wa tano ni makusanyo ya wageni. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Africassette ya Detroit ilitoa diski ya Mlimani Park iliyoitwa Sikinde, kutokana na rekodi za redio. Ujerumani zikatoka nyimbo za Salum Abdallah chini ya jina Ngoma Iko Huko. Buda Musique ya Ufaransa, katika mfululizo wake wa Zanzibara, ikatoa mwaka 2007 toleo la tatu la muziki wa Tanzania wa miaka ya 1960, na baadaye toleo la tano la muziki wa Dar es Salaam wa kati ya 1978 na 1983, ile miaka ya mpaka kufungwa. Ni kazi nzuri, na tuwashukuru. Lakini aliyechagua wimbo upi uingie na upi ubaki ni mkusanyaji mmoja mezani kwake, na alichokiacha nje hakijapotea ubora kwa kuachwa.

Na wa sita? Wa sita hayumo kwenye karatasi kabisa. Ni zile tepu zenyewe za redio, ambazo nyingi hazijapata kutolewa kwa namna yoyote. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Orodha ya albamu ni kikao ambacho Hemed Maneti wa Vijana Jazz, aliyefariki mwaka 1990, anaingia kwa shida. Marijani Rajabu, aliyefariki mwaka 1995, aliyeimba Zuwena ikaimbwa na nchi nzima, anasimama mlangoni. NUTA Jazz ya mwanzo, mama wa bendi nyingi zilizofuata, inachungulia dirishani. Wote hao hawakukosa ubora. Walikosa kiwanda.

Kuna rafiki yangu mmoja, mtu wa muziki, nilipomweleza haya alinipinga. Alisema, orodha isiyokuwa na kitu cha kununua wala kusikiliza ni orodha ya mizimu. Kijana wa leo ukimwambia tepu fulani ya redio ndiyo bora, ataipata wapi? Mpe Remmy, asikilize, apende, kisha atatafuta mengine mwenyewe.

Hoja hiyo ina nguvu, na sikuipuuza. Jibu langu linatokana na jinsi tepu zinavyokufa.

Tepu ya sauti ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Gundi huchoka. Ikichoka, unga unabanduka, na unga ukibanduka sauti imekwenda nao. Hakuna fundi atakayeirudisha. Joto na unyevu wa Pwani huharakisha mambo. Kuiokoa tepu lazima uipige kwenye mashine yake, ambayo siku hizi ni adimu kama fundi wake, na uihamishie kwenye kompyuta. Na kazi hiyo haina njia ya mkato: tepu ya saa moja huhamishwa kwa saa moja, mbali na muda wa kuisafisha na kuiandika. Maktaba iliyorithiwa kutoka Radio Tanzania, ambayo sasa iko chini ya TBC, ina tepu kwa maelfu. Hesabu wenyewe.

Maana yake ni kwamba hata serikali ikitoa fedha kesho, na wafadhili wakaongeza, lazima mtu aamue tepu ipi itangulie. Ataamua kwa kuangalia nini? Ataangalia majina anayoyasikia. Ataangalia orodha. Basi, ndugu msikilizaji, orodha ya nyimbo bora katika hali yetu si mchezo wa kijiweni. Ni foleni. Aliye juu anaokolewa kwanza, aliye chini anangoja, asiyekuwamo anaoza. Na orodha ya albamu inaweka mbele ya foleni wale waliokwisha okolewa: Agwaya iko, Songs for the Poor Man iko, Ukumbusho ziko kwenye santuri majumbani mwa watu katika nchi mbili. Tunawapeleka hospitali wazima na kuwaacha wagonjwa uani.

Liko na jambo la pili, nalo ni la haki. Mali bila daftari hupotea bila habari. Orodha zetu huandika jina la bendi tu: Sikinde, Msondo, Maquis. Bendi haikutunga wimbo. Aliyetunga ni mtu. Neema ni utunzi wa Cosmas Chidumule, siyo wa jengo la DDC. Tangu Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, mtunzi ana mahali pa kudai, na haki yake haizikwi naye. Inakwenda kwa mjane na watoto. Lakini atadai vipi ikiwa hakuna mahali jina lake limeandikwa pembeni ya wimbo? Mnamkumbuka Muhidin Gurumo, aliyeimba NUTA, akaimba Sikinde, akaimba Safari Sound, akarudi Msondo. Alipostaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya miaka 50 jukwaani, alisema hajapata kumiliki gari. Kijana wa Bongo Fleva, Diamond Platnumz, akampa moja. Tulimsifu kijana kwa heshima yake, na alistahili. Lakini mzee hakupaswa kungojea zawadi. Sauti yake ilikuwa hewani nusu karne. Alifariki mwaka uliofuata.

Kwa hiyo, kijana wa kijiweni, nakupa uamuzi wangu ulioniomba. Chukua karatasi mpya. Juu yake usiandike albamu kumi bora. Andika rekodi bora, na uzigawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza liwe la rekodi za redio. Hapo weka Mlimani Park ya kuanzia 1978 mpaka 1983. Hiyo ndiyo namba moja yangu, na watu wa Msondo wanisamehe. Namba mbili NUTA Jazz ya miaka ya 1960 na 1970, ili watu wa Msondo wapate sababu ya kunisamehe. Kisha Dar International ya Marijani, Maquis, na Vijana Jazz ya Maneti.

Fungu la pili liwe la makusanyo. Hapo Ukumbusho ya Mbaraka itangulie, Salum Abdallah afuate, kisha Zanzibara ya tatu na ya tano.

Fungu la tatu liwe la albamu zilizotungwa zikiwa albamu. Hapo Remmy na Makassy wana viti vyao vya halali, na Les Wanyika akae nao.

Hayo ni mapokezi kumi na mawili, mawili zaidi ya ulivyotaka. Utaona kwamba hakuna niliyemfukuza. Nimebadili mlango wa kuingilia tu. Na rafiki yangu anayesema fungu la kwanza ni la mizimu, namjibu kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuliweka kwanza. Tukiliandika, kuna mtu atauliza ziko wapi. Tusipoliandika, hakuna atakayeuliza.

Pembeni ya kila jina uandike mambo manne: nani ametunga, nani ameimba, nani amepiga gitaa la solo, na lilirekodiwa wapi mwaka gani. Usipojua, acha nafasi. Nafasi tupu nayo ni habari; itamwonyesha mwingine aende kuuliza wapi. Wapo wazee wa magitaa na tarumbeta wanaoishi mitaani kwetu, Kariakoo, Temeke, Magomeni, Tanga na Morogoro, ambao wanajua hata ni siku gani waya ulikatika studio. Kila mwaka wanapungua.

Nanyi wasikilizaji mlio na kanda za zamani kabatini, nina ombi dogo. Msizitupe, na msiziazime ovyo. Ziondoeni juani na kwenye unyevu. Msizijaribu kwenye mashine mbovu inayokula kanda. Na kabla ya jambo lolote jingine, chukueni kalamu muandike juu yake mnachokikumbuka: bendi, wimbo, na kama mwaka mnaujua, mwaka. Inawezekana kanda hiyo yenye sauti ya mtangazaji anayekatiza chemko kusema saa ndiyo nakala pekee iliyobaki ya wimbo ambao tepu yake imekwisha banduka.

Nilipopita tena kijiweni juzi, yule kijana alikuwapo. Nilimweleza haya kwa ufupi. Alinyamaza kidogo, akatoa karatasi, akamgeukia yule mzee wa Mbaraka akamuuliza, "Babu, mpiga solo wa Western Jazz alikuwa nani?" Mzee akaweka kikombe chini. Kahawa yake ilipoa bila kunywewa.

Hadi juma lijalo, kwaherini.